Kuagiza Figaro, Jimny ya Zamani au Kigari Chochote cha Ajabu Kutoka Japani Hadi Kipate Namba za Tanzania: Mwongozo Kamili

Mzee wangu fundi, kule Tanga, hakufungua hata boneti. Alilizunguka gari mara moja, akapiga magoti nyuma ya tairi la kushoto, akachomoa bisibisi mfukoni na kuisukuma taratibu kwenye upinde wa bodi, juu ya tairi. Bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini. Rangi ilikuwa inang'aa, ile ya kijani ya maji iliyoninyima usingizi siku nilipoiona kwenye simu, lakini nyuma yake chuma kilikuwa kimekwisha. Kilichobaki ni pati na kutu. "Mwanangu," akasema, "hili limepakwa poda."

Hiyo ndiyo Nissan Figaro yangu ya kwanza. Ya pili ninaiendesha mpaka leo. Kwa ile ya kwanza nilinunua gari, halafu ndipo nikaanza kutafuta spea, fundi na maelezo ya karatasi. Kwa ya pili nilianza na spea, fundi na karatasi, gari likaja mwishoni kabisa. Mwongozo huu unafuata njia ya ile ya pili, na unafaa kwa Figaro, Suzuki Jimny, Toyota Sera, Mitsubishi Delica au kitu kingine chochote cha zamani ambacho majirani watatoka nje kukitazama.

Kwa nini Japani

Japani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani uko mahali pake na taa za mbele zimelengwa sawasawa. Kule gari la binafsi likishatimiza miaka mitatu hukaguliwa kila baada ya miaka miwili, ukaguzi mkali wa gharama, wanauita shaken. Likipita miaka 13, kodi ya mwaka ya gari la petroli hupanda. Mtu wa kawaida anaona afadhali aliuze. Ndiyo maana unakuta gari la mwaka 1991 limetunzwa vizuri, lina vitabu vyake vyote, na bei yake mnadani si ya kutisha.

Tena Wajapani wa mwisho wa miaka ya themanini na mwanzo wa tisini walikuwa na pesa na ujasiri wa kutengeneza vitu ambavyo leo hakuna kampuni ingethubutu. Figaro ilitoka Februari 1991, zikatengenezwa 20,000 tu, na waliozitaka walikuwa wengi mno hadi wanunuzi wakapatikana kwa bahati nasibu. Ina turubai juu na viti vya ngozi rangi ya pembe, na sura yake ungedhani ni gari la babu wa mwaka 1960, ingawa chini yake ni Nissan March. Toyota nao wakatoa Sera, ambayo milango yake hufunguka kwenda juu kama mbawa. Suzuki wakatoa Cappuccino, gari la michezo lenye injini ya cc 657. Yote haya yalitengenezewa soko la kwao.

Hatua ya kwanza: uliza sheria ya nchi unayoishi

Kenya hutaweza. Gari likipita miaka minane tangu lilipoandikishwa mara ya kwanza halipokelewi. Kwa mwaka 2025 mstari ulikuwa magari ya 2018 na kuendelea. Uganda waliweka ukomo wa miaka 15 kwa sheria ya mwaka 2018. Rwanda wanaendesha upande wa kulia, kwa hiyo usukani wa Japani ni tatizo tangu mwanzo. Mkenya anayependa magari ya zamani hana budi kutafuta yale yaliyokwisha kuingia nchini kwake miaka hiyo, na ukienda kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance pale Nairobi utaona jinsi wenzetu walivyoyatunza.

Tanzania haina ukomo wa umri. Ina kodi ya uchakavu, ambayo nitaieleza, na hiyo ndiyo gharama ya kuruhusiwa. Mimi naona ni bei halali kwa furaha yenyewe, mradi uijue kabla hujalipa chochote.

Hatua ya pili: fundi na spea, kabla ya gari

Hapa ndipo wengi tunapokosea, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Chukua karatasi, andika vitu hivi: mkanda wa taiming, gasketi ya silinda hedi, pampu ya maji, rejeta, pedi za breki, shokapu, bushi za mbele, raba za milango, kioo cha mbele, tairi. Nenda nayo Gerezani, Kariakoo, au kwenye maduka ya spea ya mji wako, ukiulizia gari unalolitamani. Usinunue kitu, uliza tu na kuandika bei. Utakaporudi nyumbani, pale palipobaki bila jibu ndipo penye gharama yako ya baadaye.

Jambo la kujua ni kwamba gari la ajabu mara nyingi ni gari la kawaida lililovaa nguo ngeni. Ukimtajia muuza spea neno Figaro atakutazama tu. Mwambie "Machi ya zamani, K10, injini MA10", ataanza kupekua. Sera ina injini ya 5E, ndugu wa ile iliyo kwenye Starlet na Raum, magari yaliyojaa barabarani kwetu, kwa hiyo kwa upande wa injini hulali njaa. Jimny JA11, ya mwaka 1990 hadi 1995, ina injini ya F6A ya cc 657 yenye tabo (turbo). Ni ukoo mmoja na injini za kirikuu, yaani Suzuki Carry, za miaka hiyo, na fundi yeyote wa kirikuu ataielewa kwa siku moja. Delica nyingi za dizeli za miaka hiyo zina injini ya 4D56 ya Mitsubishi, ileile ya Pajero na L200.

Kwa hiyo injini si ya kukutisha. Cha kukutisha ni nguo: taa za nyuma, vioo, nikeli za pembeni, raba za turubai, vitasa. Taa ya nyuma ya Figaro haifanani na ya gari lingine lolote duniani. Ikivunjwa na bodaboda hapo Mwenge, itabidi uagize Japani au Uingereza. Waingereza walizipenda Figaro kuliko watu wote nje ya Japani na wana wauzaji wa spea zake tupu, kwa hiyo ukiwa na ndugu London au Leicester, huyo ni mtu wa kumpigia simu mara kwa mara. Sera nayo ina mitungi ya gesi inayoshikilia milango juu. Ikichoka, mlango mzito wa kioo unakushukia kichwani. Halafu paa lake lote ni kioo, na saa saba mchana Dar es Salaam lile gari ni tanuri. Nalipenda sana kulitazama, lakini kulimiliki mwambao huku, hapana.

Usisahau tairi. Figaro inavaa 165/70R12. Rimu ya inchi 12 ni ile ya kirikuu, lakini tairi za kirikuu ni nyembamba na ndefu, 145R12, zimetengenezwa kubeba mzigo. Zinaingia, ila gari linarukaruka kama punda aliyeona nyoka. Tairi zangu niliagiza nne pamoja na gari lenyewe.

Kisha tafuta fundi. Mtafute mtu mwenye subira, aliyewahi kushika gari la kabureta na la sindano (injeksheni), na asiyeona aibu kusema "hiki sijakiona, nipe siku mbili". Mpelekee picha kabla hujanunua. Mzee wangu wa Tanga, tulipoanza kutafuta ya pili, nilimtumia picha za magari sita, akakataa matano. Moja alilikataa kwa sababu pengo kati ya boneti na mlango lilikuwa pana upande mmoja kuliko mwingine. Mimi sikuliona mpaka aliponichorea mstari juu ya picha.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya kodi mwanzoni

Kodi zinapangwa juu ya thamani ya gari pamoja na bima na nauli ya meli hadi bandarini, ile tunayoiita CIF. Elewa jambo moja: TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, hawaifuati ankara yako kwa macho yaliyofumba. Wana kikokotoo chao mtandaoni cha magari yaliyotumika chenye thamani zao, na ukipata gari kwa bei ya kutupa mnadani, kodi inaweza bado kupigwa juu ya thamani yao. Ingia kwenye kikokotoo, tafuta aina, mwaka na cc. Magari ya kawaida yote yamo. Gari la ajabu linaweza lisiwemo, na hapo usikisie: mpe wakala wa forodha picha, mwaka, cc na bei, aulizie thamani kabla hujalipia.

Mpangilio wa hesabu ni huu. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya CIF. Juu ya jumla hiyo kunakuja ushuru wa bidhaa wa injini: hadi cc 1000 ni sifuri, kutoka 1001 hadi 2000 ni asilimia 5, zaidi ya hapo ni 10. Kisha uchakavu: gari la binafsi lililopita miaka 10 hulipa asilimia 30. Magari ya kazi kama pikapu hulipa uchakavu mdogo zaidi. Baada ya yote, VAT ya asilimia 18 juu ya jumla kuu.

Tuseme thamani ni shilingi 10,000,000 na injini iko chini ya cc 1000. Ushuru ni 2,500,000, jumla 12,500,000. Injini, sifuri. Uchakavu ni 3,750,000, tumefika 16,250,000. VAT ni 2,925,000. Kodi zote hizo ni 9,175,000. Gari hilohilo likiwa na cc 1500 kodi zinafika 9,912,500, na likipita cc 2000 zinafika 10,650,000, yaani zaidi ya thamani ya gari lenyewe. Bado kuna tozo ya maendeleo ya reli, ada ya forodha, usajili, bandari na wakala. Mimi nilijiwekea kanuni: chochote ninachotoa kwa ajili ya gari hadi lifike bandarini, niwe na kiasi hichohicho tena mkononi, na akiba ya sehemu moja ya kumi juu yake.

Tazama injini ya Figaro: cc 987. Cappuccino 657. Jimny JA11 657. Vigari hivi vinakaa chini ya mstari wa cc 1000. Viwango hubadilika kwa bajeti, na sheria ya fedha huanza kutumika Julai mosi, kwa hiyo gari lako likiwa baharini mwezi Juni, sikiliza hotuba ya bajeti kwa makini kuliko mpira.

Hatua ya nne: jifunze kusoma karatasi ya mnada

Magari mengi yaliyotumika Japani hupita mnadani, na mnadani kila gari hupata karatasi iliyojazwa na mkaguzi asiye na faida kwenye mauzo. Hiyo ndiyo macho yako. Mara ya kwanza sikuiomba. Muuzaji alinipa picha 30 nzuri za mchana, nami nikaona zinatosha. Niliuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe nililishika mwenyewe.

Juu kulia utakuta namba ya daraja. Gari la miaka 30 likipewa 4 ni hazina, 3.5 ni zuri, 3 ni la kawaida lenye makovu yanayoonekana. R au RA maana yake limewahi kugongwa likatengenezwa; RA ni kidogo, R ni zito zaidi. Pembeni kuna herufi ya ndani ya gari, A safi sana, B nzuri, C imechoka, D kaa mbali.

Chini kuna mchoro wa gari likitazamwa kutoka juu, limefunuliwa kama ngozi ya mbuzi, na juu yake kuna herufi na namba. A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni bati lililowahi kunyooshwa na likabaki na mawimbi, P ni kasoro ya rangi. X ni kipande kinachotakiwa kubadilishwa, XX kimeshabadilishwa. Namba 1 ni ndogo, 3 ni kubwa. Mkwaruzo usikukoseshe usingizi. Herufi mbili ndizo za kutafuta kwa kidole: S, ambayo ni kutu, na C, ambayo ni kutu iliyokwisha kula. Kwa mtu wa Tanga, Mtwara, Dar au Unguja, S1 ya Japani ni S3 baada ya masika mawili. Nilipoipata karatasi ya gari langu la kwanza, miezi mitano baada ya kulipa, palepale juu ya tairi la kushoto la nyuma paliandikwa C2.

Sehemu ya maelezo huandikwa kwa mkono, kwa Kijapani. Mlipe mtu atafsiri yote, neno kwa neno. Muuzaji akikutafsiria, mara nyingi utapata yale mazuri tu. Pia angalia mwaka: utaandikwa kwa hesabu ya enzi ya mfalme. H3 ni Heisei 3. Jumlisha 1988, unapata 1991. Enzi kabla yake ni Showa, unajumlisha 1925, kwa hiyo S62 ni 1987.

Kilomita zina njia yake ya kuhakikiwa. Gari likifutwa usajili Japani hutolewa cheti cha kusafirisha nje, na mara nyingi humo mna kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi uliopita. Linganisha na karatasi ya mnada na picha ya dashibodi. Zikigongana, achana nalo.

Omba picha hizi kwa majina, usingoje wakutumie wanazotaka: chini ya gari mbele na nyuma, ndani ya matao ya tairi zote nne, kisima cha tairi la akiba bila zulia, kingo za milango kwa chini, na injini bila kuoshwa. Kwa gari la turubai ongeza picha ya mifereji ya maji ya turubai, kwa sababu ikiziba, maji yanahamia kwenye buti na kukaa humo. Asiyetaka kuinua zulia la buti amekwisha kukujibu.

Hatua ya tano: malipo na meli

Lipia kwa TT, yaani uhamisho wa fedha wa benki kwa benki, kwenda akaunti yenye jina la kampuni, lililo sawa na lile la kwenye ankara. Akaunti ya jina la mtu binafsi, au iliyo katika nchi nyingine, usiiguse. Kuna chama cha wauzaji nje wa magari yaliyotumika kiitwacho JUMVEA. Uanachama haukuhakikishii gari zuri, lakini unakuhakikishia kwamba kampuni ipo. Kwenye ankara andikisha namba ya chasisi. Magari ya zamani ya Japani hayana ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17. Figaro itaandikwa FK10 kisha kistari na namba, basi.

Meli za magari hupakia Yokohama, Nagoya, Kobe na kwingineko, na gari huendeshwa hadi ndani. Ndiyo njia ya bei nafuu, na safari hadi Dar es Salaam huchukua kama mwezi mmoja na zaidi. Kwa gari la kawaida inatosha. Kwa gari lenye vifuniko vya rimu na redio visivyopatikana tena, mimi napendelea kontena, hata kama ni kusubiri wenzako wawili watatu mlijaze pamoja. Vitu vidogo vya kuchomoka ndivyo vinavyopotea njiani. Ukitumia meli ya magari, mwombe muuzaji avitoe na akutumie kwa kifurushi.

Nyaraka zitakazokuja ni tatu za lazima: ankara, cheti cha kusafirisha nje na hati ya shehena, ile mawakala wanaiita BL. Hakikisha jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye TIN yako. Herufi moja ikipotea, utazunguka ofisi wiki nzima huku gari linalipa kulala bandarini.

Hatua ya sita: TBS, forodha na bandari

Ukaguzi wa ubora wa TBS, Shirika la Viwango, umehama zaidi ya mara moja. Kuna miaka gari lilikaguliwa Japani kabla ya kupakiwa, na mwaka 2021 ukaguzi ukahamishiwa Dar es Salaam. Kabla hujalipia meli waulize TBS wenyewe: mzigo wa mwezi huu unakaguliwa wapi? Kama ni kule, gari lisipakiwe bila cheti, maana likifika mikono mitupu utalipia uzembe huo. Gari la zamani linaweza kuangushwa kwa vitu vya kawaida kabisa: tairi zilizopasuka ubavuni, mafuta yanayovuja, taa isiyowaka, bushi zilizolegea. Ni rahisi kuvitengeneza kabla ya kukaguliwa kuliko kukaguliwa mara mbili.

Tafuta wakala wa forodha mwenye leseni, na umpe nyaraka meli ikiwa bado baharini ili tamko la forodha, TANSAD, liandaliwe mapema. Kodi lipa mwenyewe kwa namba ya malipo ya serikali. Usimpe wakala fedha taslimu za kodi, hata kama ni shemeji yako. Siku za kukaa bila malipo bandarini au bandari kavu ni chache, na zikipita kila siku ina bei. Wiki mbili tu za uzembe kwa gari langu la kwanza zilinigharimu kiasi ambacho kingelipia rangi mpya.

Siku ya kulichukua nenda na fundi, betri iliyochajiwa, petroli lita tano, pampu ya upepo na tochi. Kabla hujasaini kuwa umelipokea, zunguka na picha za Japani mkononi, mlinganishe kitu kwa kitu.

Hatua ya saba: kadi, namba na bima

Usajili unafanywa na TRA. Cheti cha Japani huandika aina ya injini, kwa mfano MA10, na hakiandiki namba ya injini yenyewe. Namba hiyo imegongwa kwenye bloku. Isafishe kwa brashi ya waya laini, ipige picha, umpe wakala, vinginevyo mtu atajaza anachodhani. Kadi ikitoka isome palepale dirishani: chasisi, injini, mwaka, cc, rangi, idadi ya viti. Kosa dogo kwenye kadi ni kosa kubwa siku trafiki atakapofungua boneti, au siku utakapouza. Ukibadilisha rangi au injini baadaye, kadi nayo ibadilishwe.

Ada ya leseni ya barabara ya kila mwaka iliondolewa mwaka 2017, sasa tunailipa ndani ya bei ya mafuta. Bima ndogo ni lazima kisheria kabla tairi halijagusa lami. Bima kubwa kwa gari la miaka 30 itakuhitaji ukae na wakala wa bima na uelewane naye thamani kwa maandishi, ikiambatana na picha na ripoti ya mthamini. Ukinyamaza, siku ya ajali gari lako litahesabiwa kama chuma chakavu. Kisha ukaguzi wa trafiki na stika ya usalama barabarani.

Kama linauzwa tayari hapa nchini

Hii ni njia fupi, na kwa gari la kwanza la zamani ndiyo ningempa mdogo wangu. Kodi imeshalipwa, na unaweza kulichoma bisibisi mwenyewe. Linganisha chasisi kwa macho na kadi, kadi na jina la muuzaji, na angalia mtandaoni kama namba ina faini za trafiki. Fika asubuhi kabla halijawashwa, ushike injini kwa kiganja. Ikiwa ya moto, muuzaji amekuficha kitu. Muuzaji mwenye kadi ya jina la marehemu au la mtu "aliyeko Marekani" mwache amalize kwanza mirathi yake.

Mwezi wa kwanza nyumbani

Hata likija linawaka kama jipya, usiende nalo safari. Badilisha mkanda wa taiming, bila kuuliza umebadilishwa lini. Ukiutazama hutajua kama ni wa mwaka mmoja au wa miaka kumi. Badilisha mipira yote ya maji, mipira ya breki, maji ya breki, oili na filta zote. Tairi zina tarakimu nne ubavuni: 2312 ni wiki ya 23 ya mwaka 2012. Hata kama zina meno kama mpya, ondoa.

Joto ndilo linaloua injini hizi ndogo zenye tabo. Rejeta ya Figaro ilifikiriwa kwa ajili ya Japani, si foleni ya Tazara saa kumi jioni. Toa rejeta, ioshwe ndani, jaribu feni kama inawaka kwa wakati wake, na weka kulenti halisi badala ya maji ya bomba. Ukitoka kwenye mwendo mrefu, liache likiunguruma dakika moja kabla ya kuzima, ili tabo ipoe na oili ikiwa bado inapita.

Kiyoyozi cha magari ya kabla ya kati ya miaka ya tisini kilitumia gesi ya R12, ambayo imeondolewa sokoni kwa kuharibu tabaka la ozoni. Fundi wa viyoyozi atahamishia R134a, lakini mwambie abadilishe oili ya kompresa, kikaushio na raba za viungio pia. Akijaza gesi tu, mwezi mmoja utarudi.

Redio utaiwasha usikie mikwaruzo tu. Za Japani za zamani hukamata FM kuanzia 76 hadi 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Usiing'oe redio ya asili ya Figaro, ile ndiyo nusu ya uzuri wa dashibodi. Kifaa kidogo cha kushusha masafa hufungwa nyuma yake, kwenye waya wa antena.

Kuhusu mwendo, gia za Figaro ni tatu tu. Ukifika 100 injini inapiga kelele. Mimi kutoka Dar hadi Tanga naenda na 80, na sijawahi kulalamika, kwa sababu kila nikisimama kununua machungwa Muheza, watoto wanakuja kugusa taa za mbele.

Kutu haisubiri. Mwezi uleule wa kwanza, gari lilipokuwa limepandishwa juu, Mzee alitoa plagi za raba za chini, akapuliza mafuta ya kuzuia kutu ndani ya kila shimo la chasisi hadi yakachuruzika upande wa pili, kisha akafungua mifereji ya turubai kwa waya wa baiskeli. Tunarudia kila mwaka kabla ya masika. Kila nikitoka Raskazone, kwenye upepo wa chumvi, linaoshwa chini kwa maji ya bomba jioni hiyohiyo, na kitu cha mwisho anachofanya kijana wa kuosha ni kupitisha kidole ndani ya tao la tairi la kushoto la nyuma na kuniambia kama kimetoka na rangi ya kahawia.